Kutoka hospitali sio kupona: barua ya mwenye kavanoma kutoka Malaba

Mheshimiwa Mhariri,

Salaam nyingi kwako na kwa wasomaji wote wa gazeti hili hapa Uganda na kwa majirani zetu. Juzi mliandika kuhusu kiharusi, mkasema tupime presha, tupunguze chumvi na mafuta, wazee wawe makini zaidi. Ni kweli kabisa na nawashukuru, manake presha inamaliza watu wetu. Lakini ile habari ilituacha nje sisi wengine, sisi ambao damu ilivuja kichwani na presha yetu iko sawa, sukari iko sawa, na umri hata arobaini haujafika. Mimi ni mmoja wao. Naishi hapa Malaba, nafanya kazi ya kliaringi, yani kuandaa makaratasi ya ushuru wa mizigo, hapa mpakani na Kenya, na ubongo wangu umevuja damu mara mbili kwa sababu ya kitu kinaitwa kavanoma. Naomba nafasi niseme kuhusu hicho kitu, na zaidi niseme kuhusu kile kinachokuja baada ya hospitali kukuruhusu urudi nyumbani, manake hapo ndo tunaachwa peke yetu.

Kavanoma kwanza. Ni mishipa midogo sana ya damu iliyojikusanya mahali pamoja kwenye ubongo, imetanuka, kuta zake nyembamba kupita kawaida, ukiiona kwenye picha inafanana kabisa na tunda la nkenene, yani forosadi. Sio kansa na haisambai kama kansa. Damu ndani yake inatembea polepole, kwa iyo mtu anaweza kukaa nayo miaka yote, akazaa, akazeeka, akafa na ugonjwa mwingine bila kujua kwamba alikuwa nayo. Madaktari wanakadiria mtu mmoja anayo katika kila watu 200 mpaka 600, yani kwenye kanisa au msikiti uliojaa Ijumaa au Jumapili kuna uwezekano mkubwa yupo mmoja amekaa nayo hapo. Wengi haitawasumbua. Kwa wachache zile kuta zinavuja, damu inaingia kwenye nyama ya ubongo, na hapo ndo unapata kifafa cha ghafla, au upande mmoja unakufa ganzi, au maneno hayatoki, au unaona vitu viwili viwili, inategemea imekaa wapi.

Na sio ugonjwa wa watu dhaifu. Florence Griffith Joyner, yule Mmarekani aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 10.49 mwaka 1988 na mpaka leo hakuna mwanamke aliyeivunja, alifariki usingizini Septemba 1998 akiwa na miaka 38, na walipompima baada ya kufa wakakuta kavanoma kwenye ubongo, kifafa kilimkamata usiku. Alberto Contador wa Hispania alianguka kwenye baiskeli akiwa mashindanoni mwaka 2004, ikaonekana ni hiyohiyo kavanoma, akapasuliwa kichwa, na mwaka 2007 akashinda Tour de France. Hawa wawili nawataja kila mara mtu akiniuliza kama ni ugonjwa wa kufa au wa kupona, kwa sababu jibu ni kwamba inategemea, na inategemea sana kama ilijulikana mapema.

Mimi ilianza na mkono wa kulia kufa ganzi nikiwa nimeshika makaratasi ya mteja, mdomo ukakataa kutoa maneno, halafu nikaanguka nikatetemeka mwili mzima mbele ya watu. Kliniki ya kwanza walisema malaria imepanda kichwani wakaniwekea dripu. Huku kwetu malaria iko kila nyumba na kweli inaweza kuleta kutetemeka, lakini kipimo kilisema hakuna malaria na dripu ikaendelea tu. Mahali pa pili wakasema ni presha, ilhali mashine waliyonivalisha wao wenyewe ilisoma kawaida. Baadaye nikapigwa CT skani, ile picha ya haraka ya kichwa, ikaonesha damu upande wa kushoto wa ubongo, wakaandika kiharusi, nikalazwa, nikaruhusiwa, na hakuna aliyeuliza hiyo damu ilitoka wapi.

Hapo ndo nataka wasomaji washike kitu. CT inaona damu mbichi haraka na kwa dharura ni nzuri sana, lakini kavanoma yenyewe mara nyingi inapita bila kuonekana. Hata kile kipimo cha kuchoma dawa ya rangi kwenye mishipa hakiioni, kwa sababu damu ya mle ndani inaenda polepole mno. Kinachoiona vizuri ni MRI, picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku, tena ifanywe na ile aina ya picha inayotafuta mabaki ya damu ya zamani, kwa sababu damu ikivuja inaacha chuma chake pale pembeni na hicho chuma kinaonekana kama mzunguko mweusi. Na saa ingine MRI ya kwanza haitoshi, damu mpya inaficha kila kitu, inabidi urudie baada ya wiki au miezi damu ikishapungua. Mimi niliambiwa haya na musawo mmoja kijana tu, hata sio daktari mkubwa, aliyesoma faili yangu akasema mama, mtu wa umri wako bila presha hatokwi damu kichwani bila sababu, nenda Kampala watafute sababu. Mungu amlipe kheri popote alipo.

Lakini kwenda Kampala ni neno rahisi kwa mwenye pesa. MRI moja inaweza kumaliza mshahara wa mwezi mzima wa mwalimu wa praimari, bado nauli, bado chakula cha anayekusindikiza, bado mahali pa kulala. Uganda hatuna bima ya afya ya taifa, Bunge lilipitisha muswada mwezi wa tatu 2021 na mpaka leo mimi na wewe hatujaona kadi. Kwa iyo familia ilichanga, kikundi chetu cha akina mama cha kuweka akiba kikatoa mkopo, na kaka yangu akauza ng'ombe. Najua wengi hawana kaka mwenye ng'ombe.

Katikati ya hayo yote maneno yakaanza mtaani. Wakasema nimerogwa, kuna mtu ofisini alitaka nafasi yangu. Wengine wakasema ni mashetani ya upande wa mama. Shangazi yangu mmoja alileta mtu kutoka mbali mwenye vibuyu na akataka kuku wawili na pesa. Mimi ni Mwislamu nasoma dua yangu na naamini Mwenyezi Mungu ndo anayeponya, ila sikuona mahali popote palipoandikwa kwamba ukisoma dua usimeze vidonge. Ninachowaomba ndugu zangu ni kwamba mtu akianguka msianze kutafuta adui, manake siku mnazopoteza mkitafuta adui ndo siku ambazo daktari anazihitaji.

Sasa nije kwenye kile kilichonifanya niandike.

Siku naruhusiwa nilikuwa natembea. Polepole, lakini natembea, na kutembea ndo kunadanganya watu. Majirani walikuja na sukari na ndizi, wakanitazama, wakasema alhamdulillah umepona, na baada ya wiki chache maneno yakageuka, mbona hapiki, mbona analala mchana, mbona hajaenda kazini, huyu si alishapona? Hakuna aliyewaambia, na hata mimi sikuwa nimeambiwa, kwamba damu iliyovuja inanyonywa na mwili kidogo kidogo kwa wiki na miezi, na ile sehemu ya ubongo iliyoumia inajifunza upya kazi yake kwa muda mrefu zaidi ya hapo. Karatasi niliyopewa ilikuwa na mistari michache ya Kiingereza, jina la dawa, na tarehe ya kurudi. Mama yangu ambaye ndo alikuwa ananiuguza hasomi Kiingereza. Baraza la Mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi mwaka 2022, basi kianze hapo kwenye karatasi ya mgonjwa anayerudi nyumbani, huko ndo kina kazi.

Uchovu ndo mkubwa kuliko yote na ndo hauonekani. Naamka asubuhi niko sawa, nafua nguo mbili tatu, halafu ghafla kichwa kinafunga kabisa, sisikii mtu anasema nini, lazima nilale hapohapo. Sio uvivu. Ubongo ulioumia unatumia nguvu nyingi kufanya vitu ambavyo zamani ulifanya bila kufikiri. Na kelele, jamani kelele. Malaba mnaijua, trela zimepanga foleni mpaka nje ya mji, honi usiku na mchana, spika za wauza dawa za panya, za kanisa, za matanga. Zamani nililala katikati ya hayo yote. Baada ya damu kuvuja honi moja ilikuwa inanifanya nitetemeke na kulia. Mume wangu alihamisha kitanda chumba cha nyuma akaziba dirisha kwa godoro kuukuu, na nasema hilo lilinisaidia kuliko vitu vingi vya pesa.

Halafu maneno. Nataka kusema chumvi nasema sabuni, najua nimekosea, naona kwenye uso wa mtoto kwamba nimekosea, na neno lenyewe silipati. Namba ndo zilikuwa mbaya zaidi, na kazi yangu mimi ni namba, namba ya ushuru wa bidhaa moja tu ina tarakimu nane, ukigeuza mbili mzigo wa mtu unakwama mpakani na faini juu. Mkono wa kulia nao ukawa mzito, kifungo cha shati hakifungiki, nywele za binti yangu sizisuki.

Na hapa kwetu mkono wa kulia una heshima yake. Kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni kumdharau, kula kwa kushoto ndo kabisa, nimefundishwa hivyo tangu mdogo na hata wanangu nawafundisha hivyohivyo. Kwa iyo nilikuwa naona aibu kula mbele ya wageni, nikawa nakula jikoni peke yangu. Wakwe zangu ni Wasoga wa Iganga, kule mwanamke anapiga magoti kusalimia, na mimi nikipiga magoti siwezi kuinuka bila kushikwa, kizunguzungu kinanipeleka upande. Safari ya kwanza kwenda kuwaona baada ya ugonjwa niliwaza jambo hilo moja tu njia nzima. Mama mkwe wangu alinishika mabega kabla sijashuka chini akasema mwanangu kaa kwenye kiti, salamu yako nimeipokea. Akawageukia wifi zangu akasema mtu yeyote asiniulize tena habari ya magoti. Nasimulia hii kwa sababu kuna wanawake wengi wanaonyamaza na shida hii, na ruhusa ya mtu mmoja mkubwa nyumbani inaweza kumwondolea mgonjwa mzigo ambao daktari haujui hata kama upo.

Mazoezi ndo yalirudisha mkono. Kuna dada wa fizio, yani mazoezi ya viungo, aliyenionesha mara chache tu, kwa sababu alikuwa mmoja na foleni yake ndefu, lakini alinifundisha kitu cha kufanya nyumbani bila mashine. Chambua maharage kwa vidole vya mkono mgonjwa, moja moja, toa mawe weka huku, maharage weka kule. Kamua kitambaa cha maji. Funga na fungua kifuniko cha chupa. Hesabu pesa za sarafu. Kidogo kila siku, tena kitu kilekile ambacho unataka mkono urudie kukifanya, manake ubongo unajifunza kwa kurudia. Upande wa kusema, binti yangu alikuwa ananionesha picha kwenye kitabu chake cha shule natamka jina, nikikwama ananipa herufi ya kwanza. Nywele zake sasa nazisuka, sio kama zamani lakini nazisuka.

Kuna na hasira na huzuni, watu hawasemi. Nilikuwa nalia bila sababu, nafokea watoto kwa kijiko kuanguka. Mume wangu alifikiri simpendi tena. Daktari wa Kampala ndo alimwita akamweleza kwamba damu ikivuja kwenye ubongo hata tabia inaweza kuguswa, na pia mtu aliyenusurika anaweza kuingia kwenye huzuni ambayo ina matibabu yake. Toka hapo nyumba ikapoa. Dakika chache za maelezo kwa mume wa mtu, hazina gharama, kwa nini zisiwe kawaida kila hospitali?

Damu ilivuja mara ya pili mwaka uliofuata, haikuwa kali kama ya kwanza, mkono ulikufa ganzi tena na kichwa kikauma vibaya sana siku nzima. Safari hii tulijua, tukaenda moja kwa moja. Hapo ndo tulikaa na daktari wa upasuaji wa ubongo tukaongea kwa kirefu. Alinipa hesabu bila kuficha. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2016, uliojumlisha wagonjwa 1,620, unaonesha kwamba mtu ambaye kavanoma yake haijawahi kuvuja na haiko kwenye shina la ubongo, ile sehemu ya chini inayoungana na uti wa mgongo, uwezekano wa kuvuja ndani ya miaka 5 ni chini ya watu 4 kwa 100. Ikishavuja mara moja inapanda mpaka kama watu 18 kwa 100, na ikiwa iko kwenye shina la ubongo na imeshavuja inafika karibu 31 kwa 100. Yangu haiko kwenye shina lakini iko jirani na sehemu ya kusema na ya mkono. Kuitoa inawezekana, upasuaji wa ubongo unafanyika hapahapa nchini, Mulago na Mbarara wana madaktari wake, na hapa karibu Mbale hospitali ya CURE inajulikana dunia nzima kwa kutibu watoto wenye maji kichwani, kwa iyo asije mtu akakwambia ubongo haupasuliwi Uganda. Lakini kwa mahali yangu ilipo aliniambia upasuaji nao una hatari yake kwa ulimi wangu, na kwamba hatari ya kuvuja tena huwa kubwa kwenye miaka ya kwanza halafu inapungua. Tukakubaliana tusubiri tukiangalia. Mwingine mwenye kavanoma iliyo karibu na juu, au kifafa kinachokataa dawa, ataambiwa afanyiwe opareshoni na itakuwa sawa kwake. Sio ugonjwa wa jibu moja.

Aliuliza pia habari za familia. Kuna aina inayorithiwa, kama mtu mmoja kati ya watano wenye ugonjwa huu ndo iko kwao kwa damu, na mara nyingi hao wanakuwa na kavanoma nyingi kwenye ubongo sio moja. Mzazi akiwa nayo kila mtoto ana nusu kwa nusu. Yangu ilionekana moja tu na kwetu hakuna mwingine anayejulikana, kwa iyo hakuona haja ya watoto kupigwa picha. Ila kama kwenu kuna watu watatu wanne wa ukoo mmoja wanaoanguka au waliopata kiharusi vijana, tafadhali mwambieni daktari, msifiche kwa sababu ya kuogopa binti ataolewa na nani.

Kuhusu dawa nina maneno, hasa kwa akina mama. Nameza kabamazepini kila siku asubuhi na jioni kuzuia kifafa. Dawa za serikali ni bure zikiwepo, shida ni hilo neno zikiwepo. Unafika unaambiwa zimeisha, nenda ununue, na kifafa hakisubiri mzigo ufike. Kuruka dozi ni hatari, kuacha ghafla ni hatari zaidi. Pili, kabamazepini na dawa nyingine za kifafa, fenitoini na fenobabitoni, zinapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na hata kile kijiti cha mkononi, unaweza kupata mimba ukiwa nacho. Mimi niliambiwa nikabadilisha njia, lakini nimeongea na wanawake kliniki ya kifafa ambao wana kijiti mkononi na hakuna aliyewaambia. Tatu, ile dawa ya kifafa inayoitwa valproeti inaweza kudhuru mtoto tumboni vibaya, mwanamke wa umri wa kuzaa asipewe bila kukaa chini na kuelezwa, na ambaye anayo asiache mwenyewe, arudi kwa daktari wabadilishe polepole. Haya sio siri, musawo anayajua, ni kwamba foleni ni ndefu na hayasemwi.

Na kwa Waislamu wenzangu, Ramadhani. Kukosa usingizi kunaamsha kifafa, na kuamka daku kila usiku ndo kukosa usingizi kwenyewe. Sheikh wetu alinisomea aya mwenyewe kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Nalisha maskini na moyo wangu umetulia. Muulizeni daktari na muulizeni sheikh, wote wawili.

Kazini nilikuwa na bahati. Bosi wangu alikubali nianze asubuhi tu, mchana nirudi nyumbani, na kila entri, yani fomu ya ushuru, ninayoandika mwenzangu anaipitia kabla haijatumwa. Mimi napitia za kwake pia, na yeye mwenyewe anasema makosa ya ofisi yamepungua. Haikumgharimu kitu. Lakini namjua dada hapa mpakani aliyefukuzwa siku ileile alipoanguka mbele ya wateja, wakamwambia unafukuza biashara. Kuna sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2020 inayokataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya ulemavu, waajiri waisome. Mtu aliyetoka damu kichwani anaweza kurudi kazini akirudi kidogo kidogo, ukimtaka arudi siku moja kama alivyokuwa utampoteza na yeye atajipoteza.

Ninachoiomba Wizara ya Afya sio hospitali mpya. Naomba mtu wa fizio awepo kila hospitali ya wilaya na awe na muda, manake safari ya Mbale au Kampala kila wiki inammaliza mgonjwa kuliko inavyomsaidia. Dawa za kifafa zisikatike. Kijana au mtu mzima ambaye presha yake iko sawa na damu imevuja kichwani aandikiwe MRI kama jambo la lazima, na kuwe na njia ya asiye na pesa kuipata. Na anayeruhusiwa apewe karatasi inayomwambia yeye na familia yake uchovu utakuja, hasira itakuja, maneno yatapotea, muda ni huu, na dalili za kurudi haraka ni hizi: kichwa kuuma ghafla kwa nguvu isiyo ya kawaida, upande kuishiwa nguvu, kushindwa kusema, kuona viwili viwili, au kifafa kinachopita dakika 5.

Na wasomaji, mtu akianguka kwa kifafa msimtie kijiko mdomoni, msimmwagie maji, msimshike kwa nguvu, povu lake haliambukizi mtu. Ondoeni vitu vya kumuumiza pembeni, wekeni kitu laini chini ya kichwa, akimaliza kutetemeka mlazeni kwa ubavu, angalieni saa. Zikipita dakika 5 au akianguka tena kabla hajazinduka, au kama ni mara yake ya kwanza, mpelekeni hospitali, na tafadhali tafuteni gari, msimbane katikati ya watu wawili kwenye bodaboda, mimi nilibebwa hivyo na shingo iliniuma kwa muda mrefu.

Mhariri, naomba mtafute daktari wa ubongo atujibu kwenye ukurasa wenu wa afya. Ya kwangu ni haya. Mtu ambaye hajaanguka muda mrefu, ni wakati gani daktari anafikiria kumpunguzia dawa ya kifafa ikiwa kavanoma bado iko palepale kichwani? Na sisi wa Tororo, Busia na Bugiri, ni wapi karibu na sisi tunaweza kupata mtu wa kutufundisha kusema upya baada ya damu kuvuja, sisi na wazee wetu wa presha ambao nao ulimi umefungika na wamekaa tu nyumbani wanatazama watu?

Wako,
Mama wa kliaringi,
Malaba, Wilaya ya Tororo